Barua ya wazi kutoka kwa Mama Viazi wa getini

Kwa: Waheshimiwa wote wenye dhamana ya afya na elimu, Kaunti ya Mombasa

Nakala: Wakuu wa shule za sekondari na bodi zao

Kutoka kwa: Mzazi na mchuuzi wa chakula, Kisauni

KUH: WANACHOKIJUA NA WASICHOKIJUA VIJANA WETU KUHUSU CHAKULA, NA WANACHOUZIWA

Waheshimiwa,

Baada ya salamu naomba radhi. Barua hii ilifaa iwafikie ndani ya bahasha, kama zile mbili zilizotangulia. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono muhula wa kwanza, katika ofisi ambayo sitaitaja, ikapigwa muhuri wa kupokewa nami nikabaki na nakala. Ya pili niliipeleka muhula wa pili. Katikati nilikwenda mara tatu kuuliza. Mara ya kwanza mwenye faili alikuwa semina. Mara ya pili niliambiwa nipige simu, na simu haikushikwa. Mara ya tatu kijana wa mapokezi aliitazama mikono yangu, yenye alama za mafuta ya moto, akaniuliza kwani mimi hasa ni nani.

Swali lake nalijibu hapa. Nauza viazi karai, bajia na muhogo wa kukaanga nje ya geti la shule moja ya sekondari, mwaka wa tisa huu. Wanafunzi waniita Mama Viazi. Sayansi kimu niliisoma mpaka kidato cha nne, na cheti ninacho. Nina binti kidato cha tatu na mwana gredi ya nane. Kwa hivyo hao watoto nawajua pande mbili: nawalea wawili, na wengine wote nawakaangia. Atakayesema kuwa mimi mwenyewe ni sehemu ya tatizo hatakuwa amekosea, na hapo chini nitafika.

Malalamiko yangu yote yana mzizi mmoja. Vijana wetu wamefundishwa majina ya lishe, hawakufundishwa kula. Na shule inayowafundisha majina hayo asubuhi ndiyo inayowauzia kinyume chake saa nne, kupitia dirisha la kantini yake yenyewe.

1. Wanajua kwa ajili ya mtihani

Siku za mvua wateja wangu hujibanza chini ya turubali, nami hupenda kuwadodosa. Si utafiti huo, sina daftari. Lakini muulize mtoto wa gredi ya nane mlo kamili ni nini, atakujibu kwa pumzi moja: wanga wa kutia nguvu, protini ya kujenga mwili, vitamini na madini ya kukinga maradhi. Neno halimtoki pasipo pake. Sasa muulize alichoshika mkononi ni fungu gani. Kiazi atakipata, na muhogo. Pakiti ya krispi je? "Hii si chakula, mama, hii ni ya kutafuna tu." Yaani kitu kilicholiwa kila siku ya Mungu, wakati mwingine badala ya chakula cha mchana, hakimo kabisa katika hesabu ya chakula.

Kuna mvulana mmoja, mwerevu, wa kwanza kila mara darasani mwao. Nilimwuliza, nikikupa shilingi 60 utakula nini kikushikilie mpaka saa kumi? Akasema chipsi na soda ndogo. Protini iko wapi hapo? Akafikiri sana, akajibu: "Kwenye tomato sosi?" Wenzake waliangua kicheko, nami nikacheka. Usiku ndipo nilipoona si la kucheka, maana mtoto yule si mjinga. Kitabu chake cha shule nimekifungua mwenyewe. Penye protini kuna picha ya nyama, samaki mzima, maziwa na mayai. Vyote ni vitu ambavyo nyumbani kwao huonekana mwisho wa mwezi, au Idi. Mbaazi hazimo pichani. Pojo hazimo, wala kunde, wala dagaa. Mtoto anaamka kila Jumapili akila mahamri kwa mbaazi za nazi, chakula ambacho wageni huja Mombasa kukitafuta, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zile mbaazi ndiyo protini ileile ya mtihani. Basi anahitimisha jambo la kimantiki kabisa: lishe bora ni chakula cha matajiri, na sisi wengine tule kinachojaza tumbo.

Pengo hilo halikukaa tupu, limezibwa na simu. Wasichana wanakunywa maji moto na ndimu asubuhi badala ya staftahi, kwa sababu kuna dada mmoja mwembamba kwenye TikTok amesema mafuta ya tumbo yatayeyuka. Mchana wanakuja kwangu wakitetemeka kwa njaa wananunua viazi vinane. Wavulana wanaobeba vyuma jioni wanapasua mayai mabichi na kuyanywa, wakiamini yakipikwa yanapoteza nguvu, wakati ukweli ni kinyume: yai lililopikwa mwili huifyonza protini yake vizuri zaidi kuliko la mbichi, tena halikupi hatari ya maradhi ya tumbo. Kisha wanateremshia na vinywaji vile vya kuongeza nguvu, sukari na kafeini, chupa nzima kabla ya hesabu ya saa tano, na mwalimu anashangaa mbona darasa halitulii.

Na yako ya kwetu wenyewe, hatukuyapata kwenye simu. Kwamba kinywaji chochote chekundu kinaongeza damu. Kwamba msichana akiwa kwenye siku zake asiguse ndimu, embe bichi wala ukwaju. Hili la pili linaniuma zaidi, kwa sababu nitakayoieleza kwenye nambari ya nne.

2. Dirisha la kantini

Shule ninayoiona kila siku ina kantini. Sina haja ya kuitaja, kwa sababu nimezunguka nyingine kadhaa kabla ya kuandika na dirisha ni lilelile: soda, juisi ya rangi isiyo na tunda ndani, biskuti, krispi, peremende, andazi. Tunda nililiona dirisha moja tu, ndizi nne zilizoanza kuwa nyeusi, na muuzaji akaniambia hizo ni zake mwenyewe.

Nimechukua chupa moja ya nusu lita kutoka hapo na kuisoma nikiwa nimevaa miwani. Maandishi ni madogo kama mayai ya chawa, na ni ya Kiingereza. Yasema sukari ni gramu 10. Binti yangu akasema, "Si nyingi basi." Nikamwonyesha mstari wa juu: gramu 10 kwa kila mililita 100. Chupa ina mililita 500. Akapiga hesabu, akanyamaza. Gramu 50, ambazo ni zaidi kidogo ya vijiko kumi na viwili vya chai. Shirika la Afya Duniani tangu 2015 lapendekeza sukari ya kuongezwa isivuke asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu anaipata kwa siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5. Kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo asilimia 10 ndiyo gramu 50. Yaani mtoto amemaliza mpaka wake wa siku nzima kwa chupa moja, saa nne na dakika kumi, na bado hajanywa chai ya nyumbani, ambayo sisi watu wa pwani tunajijua tunavyoitia sukari.

Msichana huyu anasoma hisabati ya kidato cha tatu, anakokotoa mambo ambayo mimi siyajui hata majina. Hesabu ya kuzidisha kumi kwa tano hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia aifanye kwenye chupa.

3. Maji

Hili nitalisema kwa ufupi. Katika shule ile mfereji hutoa maji siku chache kwa wiki. Siku nyingine kuna kisima, na maji yake ni ya chumvi. Mchukueni mtoto wa Mombasa aliyecheza mpira saa sita mchana, mwezi wa Februari, mkampe kikombe cha maji ya chumvi upande mmoja na soda baridi upande wa pili, kisha mumlaumu kwa kuchagua soda. Hata mkipachika bango la lishe kila ukuta, kama hakuna maji matamu ya kunywa bure, bango hilo ni pambo.

4. Damu ya wasichana

Mwaka jana binti yangu alianguka kwenye paredi. Shule ilinipigia, nikaacha karai na kila kitu kwa jirani. Nilipofika nilielezwa, na mtu mzima aliyevaa tai, kwamba wasichana wa siku hizi hujifanya kuzimia ili wakwepe jua. Binti yangu alikuwa ameandikiwa mara mbili katika ripoti yake kwamba ni mvivu, husinzia darasani. Nilimpeleka hospitali siku ileile. Damu yake, yaani hemoglobini, ilikuwa 8.9. Kwa msichana wa umri wake isishuke chini ya 12.

Muuguzi aliyetuhudumia, Mungu amlipe, alitufundisha kwa dakika kumi mambo ambayo shule haikumfundisha binti yangu kwa miaka kumi. Kwamba msichana anayepata hedhi anahitaji madini ya chuma kuliko mvulana wa umri wake. Vipimo vya Marekani vyataja miligramu 15 kwa siku dhidi ya 11. Kwamba chuma kimo kwenye maini na nyama, lakini pia kwenye pojo, kunde, mchicha na dagaa. Kwamba kile cha mboga na nafaka mwili hukipokea kwa shida, isipokuwa ukile pamoja na kitu chenye vitamini C: kamulia ndimu, kula embe au chungwa baadaye. Na kwamba chai, chai yetu hii, ikinywewa pamoja na chakula hukizuia chuma kisiingie mwilini. Ngojea saa moja au mbili ndipo unywe.

Niliposikia hayo nilitaka ardhi inimeze. Nyumbani kwangu chai hukaa mezani kama mtu wa familia. Na ndimu, kitu chenyewe cha kumsaidia, alikuwa akikiepuka kila mwezi, siku zilezile anapopoteza damu, kwa sababu marafiki zake walimwambia itamdhuru, na mimi nilipoulizwa nilisema sijui, labda ni kweli. Mimi mwenye cheti cha sayansi kimu.

Tulianza na vidonge, na mabadiliko jikoni. Pojo mara tatu kwa wiki. Dagaa wa soko la Kongowea wale wadogo, wanaoliwa na miba yao, maana miba hiyo ina kalsiamu na umri huu ndio mifupa inapojijenga. Nikaacha unga wa kusagisha kinuni nikanunua wa pakiti, ambao kwa sheria ya Kenya tangu 2012 huongezwa madini ya chuma na vitamini. Baada ya miezi minne damu ilifika 12.1. Usingizi wa darasani ukaisha. Hakuna aliyemwomba radhi kuhusu ule uvivu wa kwenye ripoti, na sikuutarajia radhi huo, lakini naandika hapa ili ujulikane. Najiuliza ni wasichana wangapi wanaosimama paredini kila Jumatatu na 8.9 zao, wakiitwa wavivu.

5. Sisi wa nje ya geti

Sasa zamu yangu. Mafuta yangu, kwa miaka mingi, niliyatumia mpaka yakawa meusi na kutoa moshi, kwa sababu mafuta ni ghali na hakuna aliyewahi kuniambia lolote. Maafisa wa afya huja. Wanakagua aproni, wanauliza cheti cha uchunguzi wa afya, wanatazama kama nina ndoo ya maji ya kunawa. Ni haki yao na nawashukuru. Lakini katika miaka tisa hakuna hata mmoja aliyechungulia ndani ya karai. Ada ya kibali nalipa, ushuru wa siku nalipa, na kwa pesa zote hizo sijapata hata nusu saa ya mafunzo ya namna ya kumlisha mtoto wa mtu.

Muhula uliopita nilijaribu mwenyewe. Nikaleta maembe ya kukatwa, karanga za kukaanga bila mafuta, mayai ya kuchemsha na kachumbari, na pojo za kuchemsha zenye ndimu na pilipili kwenye vikombe vidogo. Mtanicheka, lakini pojo ziliisha kabla ya viazi. Nilitoza shilingi 20 kikombe. Watoto si kwamba hawataki, hawajaonyeshwa. Wiki ya pili mlinzi akaja na ujumbe kutoka ndani: maembe yasiuzwe hapa, maganda yanachafua mazingira ya shule. Nikamwonyesha ukuta wa shule, ulivyojaa karatasi za krispi na biskuti zilizopeperuka kutoka dirisha lao. Akasema yeye ametumwa tu.

Viazi karai hakuna aliyevikataza.

6. Somo lenyewe

Enzi zetu sayansi kimu ilikuwa na jiko, sufuria na masizi. Katika mtaala wa sasa lishe imefungwa kifurushi kimoja na kilimo, na sina ugomvi na hilo, mtu anayejua mchicha unavyoota ana nafasi nzuri ya kuupenda. Ugomvi wangu ni kwamba somo la vitendo hufanywa kwa michango ya wazazi, na mzazi asipochanga mtoto anatazama wenzake wakipika. Mwanangu alipika mara moja mwaka mzima. Walipika keki.

Najua majibu yanayonisubiri

Mtasema shule za sekondari si za kaunti, ni za serikali kuu. Kweli. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti huduma za afya, na ndani yake limetaja wazi utoaji leseni na udhibiti wa wanaouzia umma chakula. Dirisha la kantini linauza chakula. Mimi ninauza chakula. Mimi nina leseni ya kaunti kwa sababu niko mita sita nje ya ukuta. Je, ukuta ndio uliobadilisha sheria? Na upande wa pili, wenzetu wa elimu mkisema afya ni ya kaunti, basi mtoto wetu amesimama katikati ya ofisi mbili kama abiria wa feri ya Likoni iliyozima injini. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya kimsingi na huduma za afya. Hakikutaja ofisi ipi.

Mtasema hamna uwezo wa kisheria wa kukataza kinachouzwa. Mei 2024 kaunti hii ilipopiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, hoja ilikuwa afya ya vijana. Mahakama ilisimamisha amri ile, na sina nia ya kufufua kesi. Nasema tu kwamba siku ile hakuna aliyesema hana uwezo.

Mtasema kantini huletea shule mapato. Basi iuze kingine. Karanga zina faida, mayai yana faida, muulizeni anayeuza. Meksiko, nchi inayojulikana kwa kupenda soda, ilizuia mashuleni vyakula na vinywaji vya ovyo mwezi Machi 2025, na shule zake hazikufungwa.

Mtasema wazazi wafundishe nyumbani. Hapa nasimama nusu na nyinyi. Mezani kwetu futari ina muhogo, viazi, ndizi, kaimati na tambi za sukari, vitu vitano na vyote wanga, na kijani ni ile kanga niliyojifunga. Biriani ya Ijumaa hatuulizi ina mboga gani. Tuna la kujibu, wazazi. Lakini mtoto yuko shuleni tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi, na wengi hutoka hapo kwenda madrasa. Saa hizo zote yuko mikononi mwenu.

Na mtasema, hili ndilo jibu lenye uzito, kwamba kuna watoto wasio na chakula chochote mchana, na kabla ya kujadili sukari tujadili njaa. Nawaona. Najua majina yao, maana wao ndio husimama kando ya turubali wenzao wanaponunua, wakijifanya wanasoma. Hao ndio hasa wanaodhulumiwa na dirisha lile, kwa sababu mwenye shilingi 20 tu kwa siku nzima akiitumia kwa krispi amepoteza kila kitu. Jijini Nairobi tangu 2023 mtoto wa shule ya msingi ya umma hulipa shilingi 5 akapata sahani ya moto mchana. Sisi tuna soko la Kongowea, ambako chakula cha pwani nzima hupita. Sioni tunashindwa na nini, na nitafurahi kuelezwa.

Ninachoomba

Kwanza, orodha ya wazi ya vinavyoruhusiwa na visivyoruhusiwa kuuzwa ndani ya shule, ianze na vinywaji vya sukari na vya kuongeza nguvu, na ianze muhula ujao. Orodha hiyo itufunge na sisi wa nje ya geti. Nitakuwa wa kwanza kuitundika.

Pili, maji matamu ya kunywa, bure, katika kila shule, hata kama ni tangi moja linalojazwa na gari la maji.

Tatu, kibali cha kuuza chakula karibu na shule kiambatane na mafunzo ya siku moja: mafuta hutumika mara ngapi, chumvi kiasi gani, unaweza kuuza nini kingine na bado ukarudi nyumbani na faida. Wachuuzi wenzangu tutakuja. Tulipieni chai tu, tutainywa baada ya chakula.

Nne, wasichana wapimwe damu shuleni angalau mara moja kwa mwaka, na vidonge vya madini ya chuma vipatikane kwa watakaovihitaji. Na mwalimu asiandike "mvivu" kabla ya kipimo.

Tano, na hili ndilo nilipendalo zaidi: kila darasa lipelekwe Kongowea mara moja kwa muhula. Kila wanafunzi watano wapewe shilingi 500, warudi na chakula cha mchana cha watu watano chenye protini, kijani na tunda, wakipike, wakile. Wakishindwa, wajue wameshindwa wapi. Yule kijana wangu wa tomato sosi nampa saa moja sokoni, atakuwa amepata pojo.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Yasipokuja, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yanipa haki ya kupeleka ombi rasmi mbele ya Bunge la Kaunti, na sahihi za wazazi nimeshaanza kukusanya, kwenye daftari la madeni la kibanda changu, upande wa nyuma.

Anayetaka kunijibu ana kwa ana anipate chini ya mwarobaini, nje ya geti, kuanzia saa tatu asubuhi. Msije saa ya breki. Hamtapata nafasi ya kusema, foleni ni ndefu.

Wenu kwa heshima,

Mama Viazi
Mzazi na mchuuzi, Kisauni